Mdundo Usioisha Mpaka Shangazi Afike

Mwanangu Idi,

Salamu sikuandikii, maana tumeshasalimiana asubuhi. Uliniamkia shikamoo huku unatafuta soksi, nami nikaitikia marahaba huku natafuta chumvi. Uko chumba cha pili hapo, nasikia unavyolifungua begi na kulifunga. Ningeweza kuita tu ukaja. Lakini mimi na wewe tukianza habari za mziki huwa tunamaliza kwa kununiana, wewe unavaa mahedifoni yako, mimi nahamia jikoni kugonga masufuria. Kwa hiyo nimeona niandike, uisome ukiwa ndani ya ndege. Huko juu huwezi kunijibu, na mlango hawafungui.

Habari za chakula, za koti la baridi, za kutunza pasipoti, sitaandika hata neno. Baba yako ameshakueleza yote mara mbili, na aliyosahau utaelezwa kesho stesheni, maana ndugu zako wote wa hapa Mabwerebwere wanakuja kukusindikiza mpaka kwenye treni na kila mmoja ana lake la kusema. Mimi nataka tuzungumzie kitu kimoja. Nataka tuzungumzie ile flashi.

Ila kwanza ujue kwamba nina raha. Nina raha mpaka naona haya! Tangu uliponionyesha kwenye simu lile bango la tamasha la Uholanzi, jina lako limeandikwa kwa rangi ya manjano, sijatulia. Juzi nimeunga mchicha nikatia sukari badala ya chumvi, baba yako akala kimya kimya, mwisho akasema, "Leo mboga ina adabu." Nikienda sokoni natembea katikati ya njia. Mtoto wangu mimi, aliyezaliwa Kilosa hapa hapa, anakwenda kuwachezesha Wazungu singeli! Nimemwambia muuza nyanya, nimemwambia imamu, nimemwambia hata yule jirani tuliyekuwa hatusemezani, na sasa tunasemezana.

Halafu jana mchana nikakufuma.

Nilikuwa naanika nguo nyuma ya nyumba na dirisha lako liko wazi. Umesimama mbele ya meza yako, mitambo yote imewaka, mikono inakwenda. Nikasema moyoni, ngoja niibe ufundi. Nikasogea na shuka langu bichi mkononi. Mkono wako ulizungusha kitufe mpaka mwisho, na mziki haukubadilika. Ukazungusha kingine, vile vile. Halafu ukainua mkono juu, ukahesabu kwa midomo, mdundo ukaanguka, ukajichekea kwenye kioo cha kabati.

"Hicho ni nini unafanya?" nikakuuliza.

Uliruka nusu ya chumba. "Mama! Sasa unanichungulia?"

"Nakuuliza, hicho ni nini?"

"Mazoezi."

"Mazoezi ya mziki au mazoezi ya mkono?"

Ukacheka, halafu ukaacha kucheka, ukanieleza. Kwamba saa yako nzima ya kupiga kule imeshapigwa, imeungwa, imesafishwa, imo kwenye flashi. Utaichomeka, utasimama, utazungusha vitufe visivyofanya kazi, utainua mkono pale unapojua mdundo unaanguka. "Mama, kule siyo harusini. Kule kila kitu kinakwenda na taa. Siwezi kuganda tena kama Dar. Nikiganda kule, ndiyo basi, hakuna atakayeniita tena."

Najua ya Dar. Kompyuta yako ilikufa katikati ya shoo, watu wakakuzomea, mjinga mmoja akarekodi, akaiwekea sauti ya jogoo, ikazunguka kwenye simu za watu wote. Ulirudi nyumbani ukalala, hutaki kula, hutaki kuoga. Mimi sikucheka. Sawa, nilicheka mara moja, kwa sababu ya jogoo, na nilitoka nje kwanza.

Kwa hiyo jana nilitaka kukujibu, nikaishia kusema "Thubutu!" nikaondoka na beseni langu. Jibu lenyewe ni hili.

Nilipokuwa na umri wako nilikuwa napika chapati Mikumi. Hilo unalijua, lakini hujawahi kunisikiliza nikilieleza. Ule mgahawa ulikuwa kando ya barabara kuu, pale malori ya Zambia na Kongo yanapopumzika kabla ya kuingia mbugani. Mwenye mgahawa alikuwa na deki ya kaseti na spika moja kubwa ya kuwavuta madereva, lakini alikuwa mvivu wa kugeuza kaseti, kwa hiyo kazi ikawa yangu. Kaseti zote za pale zilikuwa na alama za vidole vya unga.

Siku moja dereva mmoja wa Zambia akanipa kaseti isiyo na jina. Akasema huko kusini ndiyo watu wanachezea hiyo. Nikaiweka. Du, du, du, du. Mgahawa mzima ukatulia, vijiko hewani. Du, du, du, du. Watu wakangoja, wakangoja.

"Dada," mmoja akaniita, "huyu mwimbaji anaanza lini?"

"Amekwenda kunywa maji," mwingine akasema.

"Kaseti mbovu hiyo, itoe."

Nikaigeuza upande wa pili. Du, du, du, du. Waliangua kicheko mpaka mmoja akapaliwa na chai. Lakini mimi nilikuwa nasukuma chapati, na mikono yangu ilikuwa imeshakubali bila kuniuliza. Nilisukuma unga wote wa siku ile bila kuhisi mgongo. Niliipenda ile kaseti, Idi. Niliipenda mpaka nikalala nayo chini ya mto, na sijui nikuelezeje zaidi ya hapo, maana wewe mwenyewe unaijua hali hiyo.

Baba yako alikuwa seremala wa milango pale Mikumi. Alikuja kurekebisha dirisha la jiko, na dirisha moja likamchukua wiki nzima. Nikamwambia, kama una muda wa kukaa hivi, nitengenezee sanduku la spika. Akatengeneza. Nikasema kubwa zaidi. Akatengeneza kubwa zaidi. Tulipooana tulikuwa na maspika manne, deki mbili na mikisa ndogo ya kuchanganyia nyimbo aliyoifufua mwenyewe, na hatukuwa na kitanda. Tukaanza kupiga kwenye maharusi. Watu walikuwa wanampa mkono baba yako wanamwita DJ, mimi wananielekeza jiko liko wapi.

Na mimi, kwa kiherehere changu, kila harusi nilikuwa nachomekea ule mdundo usio na mwimbaji. Kila harusi watu walikuwa wanakwenda kuketi. Mshereheshaji akishika kipaza sauti, anasema, "Ndugu wageni waalikwa, tunaomba radhi, kuna tatizo kidogo la mitambo." Nikawa nalia njiani kurudi. Nilikuwa nadhani watu wa huku hawana masikio. Hilo ni kosa langu la kwanza, na lilinichukua muda mrefu kulitambua, kwamba nilikuwa nawapigia watu kitu changu huku nimetazama deki, wala sijui nani yuko mbele yangu.

Harusi ya kule Rudewa ndiyo iliyonifunza kazi. Ilikuwa alasiri, turubai limefungwa uwanjani, joto la kukausha mate, na wakati wa kutunza umefika. Unajua kwetu kutunza kulivyo. Mtu haendi kwa bibi harusi kama anakwenda dukani. Anainuka kule nyuma, zawadi kaiweka kichwani watu waione, anacheza njia nzima: mbele kidogo, nyuma kidogo, anasimama, anawatazama wasiompenda, anaendelea. Bibi harusi yule alikuwa na shangazi, Bi Tausi, mama mnene mwenye heshima zake. Alikuwa amekaa mwisho kabisa wa turubai, kwa makusudi, ili njia iwe ndefu. Akainuka na vitenge vyake kichwani.

Mimi wakati huo kichwa kilikuwa kimevimba. Nilikuwa nimejua kuunga nyimbo mbili watu wasishtukie zilipokutana, na nilitaka kuonyesha. Wimbo wa Bi Tausi ulipokaribia kwisha, naye ndiyo kwanza yuko katikati, nikauingizia mwingine. Nikauunga vizuri, wallahi, sijawahi kuunga vile. Nikainua macho nipokee sifa zangu.

Bi Tausi alikuwa amesimama. Mguu mmoja mbele, vitenge kichwani, ananitazama. Akageuka. Akarudi alikotoka, akaketi, akaviweka vitenge mapajani, akakunja mikono.

Loo! Shangazi wa bibi harusi amerudi na zawadi yake! Upande wa bwana harusi wakaanza kuulizana kama wamekataliwa. Mama wa bibi harusi akaanza kulia. Mshereheshaji akasema tatizo la mitambo, hakuna aliyemsikiliza. Baba yako akaja nyuma ya meza akaninong'oneza, "Nenda kamwombe." Nikaenda, nikapiga magoti vumbini na nguo yangu mpya.

"Shikamoo shangazi."

Hakuitikia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyenikatia wimbo?"

"Ni mimi, shangazi. Nilidhani..."

"Nani alikwambia nimefika?"

Nikageuka nikaiona njia aliyoiacha nusu.

"Rudisha wimbo wangu," akasema. "Na usiishe mpaka nifike."

Sasa wewe leo unabonyeza kitufe kimoja tu, kipande kinajirudia mpaka kesho kutwa. Mimi nilikuwa na kaseti, na wimbo una mwisho wake, na Bi Tausi kwa hasira ile nilijua atatembea taratibu kuliko mwanzo. Kilichoniokoa ni ubovu wa deki zetu. Zilikuwa zinameza mkanda, kwa hiyo kila wimbo wa kutunza nilikuwa na kaseti ya akiba. Wimbo ule ule, kaseti mbili. Nikaweka moja huku, nyingine kule. Ilipofika pale mwimbaji anapopumzika, imebaki ngoma na besi, nikakipiga kile kipande. Kilipokwisha nikahamia deki ya pili, kipande kile kile. Huku naitoa ile ya kwanza, nairudisha nyuma kwa kalamu, jasho linaniingia machoni, naichomeka, nahamia tena.

Mara ya kwanza nilichelewa. Mdundo ukapepesuka. Nikajua leo tutafukuzwa na maspika yetu. Bi Tausi naye akapepesuka, makusudi mazima, akashika kiuno, akatikisa bega moja, akanyooka. Watu wakapiga kelele za furaha! Nikaendelea. Ngoma na besi, ngoma na besi, mwimbaji hakuna, na mtu mmoja akainuka, na mwingine, na akina mama wa upande wa bwana harusi wakavua viatu. Siku hiyo hakuna aliyeuliza mwimbaji anaanza lini. Walikuwa na Bi Tausi wa kumtazama. Alipofika kwa bibi harusi na kumtandika vitenge mabegani, turubai zima lilikuwa linaruka, mkono wangu umekufa ganzi, na baba yako analia, anasema ni vumbi.

Baada ya hapo watu walipokuja kutuita, kuanzia Kilosa mpaka Mikumi, hawakutaja nyimbo. Walisema, "Mtupigie ule usioisha." Nikawa nautengeneza kwa kila mtu wake. Kama mwenye kutunza ni mzee wa magoti mabovu, naupunguza. Kama ni mama mwenye mbwembwe, naurefusha, naukata, naurudisha, namtania, naye ananitania. Sikujua kwamba huko duniani kuna watu walishafanya hivyo zamani kwa santuri. Wewe ndiye uliyekuja kunionyesha kwenye simu, na nilikasirika siku nzima.

Sasa nikueleze ya CD, maana hiyo baba yako amekatazwa kuisimulia mbele za watu na amekaa nayo muda wote huu masikini.

Wewe ulikuwa tumboni. Miguu yangu ilikuwa imevimba, siwezi kusimama. Tulikuwa tumepata kompyuta ya mitumba, na mimi nilikuwa nimeijua vizuri, natengeneza midundo yangu mwenyewe, safi kabisa. Tukaitwa harusi kubwa hapa hapa Kilosa. Nikasema, kwa nini nisimame? Nikachukua ratiba ya sherehe, nikaipanga yote kwenye CD: mdundo wa wageni kuingia, wa bibi harusi kuingia, wa kunawa mikono, wa kula, wa kutunza. Kila kitu kwa dakika zake. Nikabonyeza, nikaenda kukaa mbele na wageni, miguu juu ya kigoda. Nikajisemea, leo na mimi nile harusi.

Idi, bibi harusi gani amewahi kufika kwa wakati katika wilaya hii?

Mdundo wake wa kuingia ukalia. Nilikuwa nimeufanyia kazi ule mdundo, ulikuwa unapanda na kupanda mpaka nywele zinasimama. Watu wote wakainuka. Vigelegele! Wapiga picha wakachuchumaa. Pazia likafunguka, akaingia baba yako na kreti la soda.

Maskini wa Mungu akaona akirudi ni aibu. Akatembea taratibu, kwa ule mwendo wa bibi harusi, mpaka mbele, akalitua kreti kwenye kiti cha bibi harusi.

Watu walicheka, na mimi nilicheka, mpaka bibi harusi mwenyewe alipofika. CD ilikuwa imefika kwenye kunawa mikono. Akasimama mlangoni na shela lake, hakuna aliyeinuka, wengine wana maji mikononi, na yule binti uso ukamshuka. Nikajaribu kuukimbilia mtambo, tumbo likakwama kati ya viti. Nilipojinasua, mama mmoja alikuwa ameshachomoa waya ukutani, hata hakunitazama. Akina mama wakamwingiza binti yao kwa makofi na midomo yao. Nilisimama pale na maspika yangu manne yaliyokufa, nikiwa mgeni kama wageni wengine, na niliumia, sikufichi.

Ile CD haikuwa na kosa. Nimekuja kuisikiliza mara nyingi, nikitafuta nilipokosea, sikupaona. Ilikuwa tu haijui nani yuko mlangoni. Ulipozaliwa nilirudi kusimama, nikawa nakufunga mgongoni napiga mziki, ndiyo maana unalala vizuri penye kelele.

Miaka ile ilikuwa mizuri jamani. Nilirekodi randa ya baba yako ikipita kwenye ubao wa mninga, shrii, shrii, nikaikata vipande vipande nikaiweka juu ya besi. Nikawapa madereva CD zake pale Mikumi, nilikokuwa bado napika chapati, waondoke nazo. Siku moja limekuja lori kutoka kusini, vumbi mpaka kwenye kioo, na ndani unalia mdundo wangu mimi! Nikatoka mgahawani mbio, mikono ina unga.

"Kaka, huu mziki umeutoa wapi?"

"Kule Lusaka wanauza sokoni. Wa watu wa Dar huu."

"Ni wangu mimi."

Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe mama wa chapati?"

"Nyamaza usikilize. Sasa hivi inaingia randa ya mume wangu."

Shrii, shrii. Yule dereva alishuka kwenye lori akanishika mikono yote miwili, akasahau kuzima injini. Nilikula chapati zangu mwenyewe siku hiyo kwa furaha. Sikupata jina, Idi, wala bango la manjano. Lakini mziki wangu ulivuka mpaka kabla sijavuka mimi, na mpaka leo sijavuka, na kesho wewe unavuka. Unaelewa kwa nini natia sukari kwenye mchicha?

Na nimekosea kwako pia. Ulipoanza singeli yako, kuuendesha mdundo mbio vile, ukiwa bado unavaa sare za shule, nilikwambia huo siyo mziki, ni cherehani. Nilikuzimia umeme. Ulihamisha maspika kwenda kwenye sherehe ya jirani, nikakufuata na fimbo, nikakuta watoto, akina mama, hata yule mwalimu wako wa hesabu, wanacheza mpaka vumbi linawameza. Na wewe hukuwa unatazama kompyuta. Ulikuwa unamtazama bibi mmoja pembeni aliyekuwa anatikisa kichwa tu, ukaupunguza kidogo, akatikisa bega; ukauongeza, akainua mkongojo. Ukampandisha hivyo hivyo mpaka akasimama. Nikaificha fimbo nyuma ya mgongo. Sikukwambia siku ile. Nakwambia leo, kwamba nilisimama pale nikajua umenipita.

Sasa mtu aliyeweza vile, anakwenda kujifunza kuinua mkono mbele ya kabati!

Unasema kule siyo harusini. Sawa. Lakini hao Wazungu nao watakuja na miguu yao. Atakuwepo mmoja katikati hapo anayetaka kucheza na anaona aibu, mwingine kaachwa na mchumba jana, mwingine hajawahi kusikia singeli na anangoja mwimbaji. Flashi haiwajui. Uliipika hapa Mabwerebwere huku unasikia kuku wangu. Unaogopa kuganda, na unaweza kuganda kweli, sikudanganyi. Kompyuta inakufa, umeme unakatika, mkanda unamezwa. Kule Dar hukuzomewa kwa sababu kompyuta imekufa. Nimeitazama ile video bila jogoo. Ilipokufa ulishusha kofia usoni ukajificha nyuma ya meza, wakati watu wa mbele walikuwa bado wanapiga makofi kwa mdundo wako, wanakungoja uwashike. Walianza kuzomea walipokukosa. Nenda kaitazame tena, utawaona.

Leo alasiri ulipokwenda kumuaga babu yako, niliingia chumbani kwako niweke nafasi ya barua hii kwenye begi. Flashi nikaikuta ndani ya soksi. Nikaichukua. Nikaifunga kwenye pindo la kanga, nikatoka nayo kwa ushujaa mkubwa, nikakutana na baba yako mlangoni.

"Umebeba nini?"

"Sijabeba kitu."

"Mama Idi. Rudisha."

"Sirudishi. Unataka aende kusimama kule kama sanamu ya duka la nguo?"

Hakugomba. Unamjua. Alisema tu, "Ukimnyang'anya, akisimama kule atakuwa anapiga kwa sababu mama yake kamwibia. Akitetemeka atakuwa anakutetemekea wewe." Halafu akaendelea na kazi yake ya kukaza mpini wa begi lako, ambao wala haukuwa umelegea.

Nimeirudisha. Iko kwenye soksi ile ile, mguu wa kushoto. Nimelia kidogo, nikanawa uso. Ni yako, na saa ile ni yako, na mimi sitakuwepo nyuma ya meza.

Siku ya tamasha lako baba yako atatoa maspika yote uani, ataunganisha simu tukuone moja kwa moja, na majirani wamesema watakuja na mikeka yao. Wao watakuwa wanakutazama wewe, nguo ulizovaa, hizo taa. Mimi nitakuwa nasikiliza tu. Ukichomeka flashi, kila kitu kitakwenda sawa mwanzo mpaka mwisho, na nitapiga makofi kama mama yeyote, nitagawa kashata, na sitakuuliza kamwe. Lakini nikisikia mahali umechelewa, nikisikia umeteleza ukajishika, nitapiga vigelegele mpaka mtaa mzima uje kuuliza kuna nini. Nami nitawajibu: mwanangu amekosea, anapiga mwenyewe.

Mama yako